Krapf: Alizika mke na mtoto Kisauni, ila hakuzika imani wala akili

UKIPANDA matatu mjini kuelekea Kisauni, ukishavuka Daraja la Nyali, haichukui muda makanga anaanza kutangaza Kengeleni. Watu wanashuka, wananunua viazi karai, wanavuka barabara na kwenda zao. Wachache sana huuliza kengele yenyewe ni ipi.

Kengele ipo. Ni ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa miaka ya 1870 na wamishonari wa Church Missionary Society (CMS) kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Lakini kabla ya kengele hiyo kulikuwa na kaburi. Liko upande wa bahari, Nyali, mahali ambapo ukisimama unauona Mji wa Kale ng'ambo ya maji. Hapo alizikwa mwanamke mmoja pamoja na mtoto wake mchanga, Julai 1844.

Mwanamke huyo aliitwa Rosine. Mumewe alikuwa Johann Ludwig Krapf, yule ambaye pengine ulimsoma shuleni kwenye somo la historia: Mjerumani, mmishonari, mtu wa kwanza kutoka Ulaya kuripoti kwamba ameuona Mlima Kenya. Uliandika jibu kwenye mtihani, ukapata maksi, stori ikaishia hapo.

Leo tuirudie stori hiyo kwa sababu nyingine. Mtaani kwetu, kuanzia Likoni hadi Bamburi na Changamwe, kila wiki kuna bango jipya la nabii mpya. Huku anauza mafuta ya upako, kule anaahidi viza, na mwingine anasema ukiugua ni kwa sababu imani yako ni ndogo. Na ukiuliza swali, unaambiwa unapinga mapenzi ya Mungu. Maisha ya Krapf yana la kusema juu ya jambo hilo, kwani aliyapitia pande zote mbili: mafundisho yanayomchoma kijana hadi anapoteza mwelekeo, na msiba unaomlazimisha mtu mzima aamue kama Mungu wake ni wa kweli.

Kijana wa shambani

Krapf alizaliwa Januari 11, 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Hapakuwa na lolote la kuonyesha kwamba mtoto yule angefika mbali kuliko shamba la babake.

Akiwa na umri wa miaka 11 hivi, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa lililofanywa na mtoto mwingine. Kipigo kile kilimlaza kitandani kwa miezi. Asingeweza kucheza wala kufanya kazi, hivyo akawa anasoma Biblia. Alipopona, msimu wa mavuno, akawa anawasimulia wavunaji visa alivyovisoma. Wazee wakamwambia babake kwamba huyu mtoto atakuja kuwa kasisi.

Alipelekwa shule mjini Tübingen. Huko alipenda ramani kupita kiasi. Siku moja akaona kwamba sehemu ya Afrika Mashariki, kuelekea upande wa Wasomali, ilikuwa tupu kabisa, haina majina. Akajiuliza kama ni fisi waliowafanya wasafiri wasifike huko, maana alikuwa amesoma kitabu cha msafiri mmoja aliyetaja fisi wa Uhabeshi. Mtoto wa shamba akawa anaota nchi ambayo hata ramani haikuijua.

Moto wa ujana

Mnamo 1827, akiwa na umri wa miaka 17, alijiunga na chuo cha kuwaandaa wamishonari mjini Basel, Uswisi. Ungedhani sasa njia imenyooka. La hasha.

Akiwa chuoni alizama katika vitabu vya watu waliofundisha kwamba roho yaweza kuungana na Mungu moja kwa moja, ndani kwa ndani, bila kuhangaikia sana kazi za dunia. Vitabu hivyo vilimteka. Akaona umishonari haumfai tena, akaacha chuo. Alirudi nyumbani, akasomea theolojia Tübingen, akamaliza mwaka 1834 na kuwa msaidizi wa kasisi kijijini.

Kumbuka pia kipindi chenyewe. Katika eneo lake la Württemberg, mwanazuoni mmoja aliyeheshimiwa sana, Johann Albrecht Bengel, aliyekufa 1752, alikuwa amepiga hesabu kutoka kitabu cha Ufunuo na kusema kwamba jambo kubwa la mwisho litatukia mwaka 1836. Watu walisadiki. Kuna hata waliouza mali zao mapema na kuhamia Urusi, wakitafuta mahali pa kumngojea Bwana.

Krapf naye hakusalimika. Alihubiri kanisani kwamba dunia imefika saa zake za mwisho. Wakubwa wa kanisa hawakupendezwa, na akaiacha kazi ile. Mwaka wa 1836 ulifika, ukapita. Jua lilichomoza kama kawaida.

Hebu tulia hapo kidogo. Huyu ndiye mtu ambaye baadaye vitabu vinamwita baba wa umishonari Kenya. Ujanani alibebwa na mafundisho, akaacha masomo, akahubiri mwisho wa dunia, akajikuta hana kazi. Kama wewe uliwahi kufuata mtu fulani kwa moyo wote halafu ukagundua hesabu zake hazikuwa sawa, si ati wewe ni mjinga wa kwanza duniani. Kilichomsaidia Krapf ni kwamba hakuona haya kurudi nyuma. Alikutana na mmishonari mwenzake wa zamani, wakazungumza, akaanza upya. CMS ilimpokea, akasoma lugha za Uhabeshi, na 1837 akaondoka kwenda Afrika.

Milango inayofungwa

Uhabeshi ndiyo Ethiopia ya leo. Huko alifukuzwa Adwa mwaka 1838. Akaenda Shewa, akakaa karibu miaka mitatu kwa mfalme Sahle Selassie. Alipotoka 1842 kwenda Misri kumwoa Rosine Dietrich, aliporwa njiani karibu kila kitu. Wakaoana, wakajaribu kurudi Shewa pamoja, mlango ukawa umefungwa.

Njiani, katika nchi kavu karibu na Bahari ya Shamu, Rosine alijifungua kabla ya wakati. Mtoto wa kike aliishi muda mfupi tu. Walimpa jina ambalo kwa lugha ya Kiamhari maana yake ni chozi, wakamzika huko nyikani.

Kuna mhubiri ambaye angeviona vituko hivi na kumwambia Krapf kwamba amerogwa, au ana laana ya ukoo, au hajapanda mbegu ya kutosha. Krapf alilitazama jambo hilo kwa njia nyingine: kama huku pamefungwa, huenda ni kule ndiko anakotakiwa. Mwishoni mwa 1843 yeye na mkewe wakapanda jahazi kutoka Aden kushuka pwani ya Afrika Mashariki.

Januari 1844 alifika Unguja. Sultani Sayyid Said alimpokea vizuri, akampa barua ya kumtambulisha kwa magavana wake wa pwani. Mwaka huohuo wakahamia Mombasa.

Kadhi na mmishonari

Kazi ya kwanza aliyoishika ilikuwa lugha. Alitaka kusikia kabla ya kusema. Na aliyemsaidia sana alikuwa Mwislamu, Sheikh Ali bin Mueddin, kadhi. Juni 8, 1844 wakaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili.

Wawili hao hawakukubaliana kuhusu dini, na hakuna aliyejifanya anakubaliana. Lakini waliketi pamoja, neno kwa neno, mmoja akiuliza na mwingine akisahihisha. Sura tatu za kwanza za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani miaka michache baadaye. Kwa wanaodhani kwamba ili uwe Mkristo wa kweli lazima umwogope jirani yako Mwislamu, kaziangalie karatasi za mwanzo kabisa za Biblia ya Kiswahili. Zilipita mikononi mwa kadhi.

Siku kumi za Julai

Mwezi mmoja baada ya kuanza tafsiri, homa iliingia nyumbani. Ni malaria, ingawa wakati huo hakuna aliyejua kwamba inaletwa na mbu. Krapf alilala. Rosine, akiwa mjamzito wa miezi ya mwisho, akalala pia.

Julai 6 Rosine alijifungua mtoto wa kike. Julai 13 akafariki. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kiasi kwamba alijikokota kitandani ili kuhakikisha kama kweli mkewe amekata roho. Siku mbili baadaye, Julai 15, mtoto naye akaaga.

Kabla ya kufa, Rosine alikuwa ameomba jambo moja. Hakutaka kuzikwa kisiwani. Alitaka azikwe upande wa bara, kwenye njia ya Wamijikenda, ili kaburi lake liwakumbushe wapitao ni kwa nini walikuja. Ndiyo maana kaburi liko upande huu wetu wa Kisauni. Krapf, akiwa bado anatetemeka kwa homa, alivuka maji kwenda kumzika.

Aliwaandikia wakubwa wake London kuhusu kaburi hilo. Kwa ufupi alisema kwamba sasa wana kaburi moja la upweke kwenye pwani hii, na waichukulie kuwa ishara kwamba kazi imeanza, wala wasidhani imekwisha. Barua hiyo imesomwa na watu wengi tangu hapo. Ni rahisi kuisoma ukadhani aliyeiandika alikuwa jiwe.

Hakuwa jiwe. Alieleza waziwazi kwamba moyo wake ulilia kwa siku nyingi. Na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kukubali mapenzi ya Mungu hakukumfanya ajifanye haoni uchungu. Hakusema Rosine alikosa imani. Hakumtafuta mchawi wa kumlaumu kati ya majirani. Alilia, akazika, akapona polepole, akarudi kwenye meza yake na karatasi zake.

Tukirudi kwenye Injili yenyewe, Yesu kule Gethsemane alifanya vilevile. Aliomba kikombe kiondolewe, na hakuomba mara moja tu. Baada ya hapo ndipo alipojikabidhi. Anayekwambia kwamba Mkristo wa kweli halii, hatafuti daktari na hamwombi Mungu ampunguzie maumivu, anakufundisha jambo ambalo hata Yesu hakulifanya.

Rabai na matunda machache

Mwaka 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann. Agosti mwaka huo walifungua kituo chao Rabai, kule juu ya vilima nyuma ya Mombasa. Siku ya kuhamia wote wawili walikuwa na homa. Walipanda mlima kwa shida kweli.

Ramani ya utotoni ikaanza kujaa. Mei 1848 Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro. Desemba 3, 1849, akiwa Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba, Krapf akauona Mlima Kenya. Mabingwa wa jiografia waliokuwa wamekaa kwenye viti vyao London waliwacheka: theluji ikweta? Walicheka kwa miaka, hadi walipothibitishiwa.

Safari ya pili ya Ukambani, 1851, nusura immalize. Karibu na Mto Tana msafara ulishambuliwa, Kivoi akauawa. Krapf alibaki peke yake porini akijificha na kutafuta maji. Alipoufikia mto alijaza maji kwenye mtutu wa bunduki na kwenye mfuko wa ngozi wa darubini yake, kwani hakuwa na chombo kingine. Aliporudi kwa watu, jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kifo kile, ikabidi atoroke usiku.

Na waumini je? Kama ungepima kazi yake kwa hesabu ya viti vilivyojaa, ungesema amefeli. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu wa Rabai, aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Hakuna umati wala shangwe. Hakuna aliyetupa mkongojo mbele ya watu. Mringe alibaki na ulemavu wake hadi mwisho, na Krapf hakuona kwamba hilo linampunguzia chochote mbele ya Mungu.

Kasoro zake

Tusimfanye malaika. Krapf aliandika kuhusu mila za Wamijikenda na kuhusu Uislamu kwa maneno makali ambayo leo yanamuudhi msomaji. Uhabeshi alijihusisha na siasa za Waingereza, akawa mkalimani wa ujumbe wao kwa mfalme wa Shewa. Alikuwa pia na mpango mkubwa wa kupanga vituo vya umishonari kama mnyororo kutoka Mombasa hadi upande wa pili wa bara. Mnyororo huo haukujengwa.

Afya ilimshinda, akaondoka pwani 1853. Alirudi tena 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe, kisha akakaa Korntal, Ujerumani, akiandika. Rebmann alibaki Rabai hadi 1875, akaondoka akiwa kipofu, akafa mwaka uliofuata. Krapf alifariki Novemba 26, 1881, na inasimuliwa kwamba alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda. Mwaka uliofuata ikachapishwa London kamusi yake ya Kiswahili, kazi ambayo aliianza Mombasa miaka karibu 40 awali.

Kipimo alichotuachia

Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti jirani ya Kilifi, makaburi yalianza kufukuliwa. Hadi mwisho wa mwaka ilipatikana miili zaidi ya 400, ikiwemo ya watoto. Walikuwa watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kukutana na Yesu. Miongoni mwao walikuwamo watu waliosoma, wenye familia na kazi. Hawakuwa tofauti na sisi.

Yalinganishe makaburi yale na kaburi la Nyali. Pande zote mbili kuna imani, kuna kifo, kuna maneno kuhusu mapenzi ya Mungu. Tofauti iko wapi?

Kwanza, Rosine hakutumwa kufa. Kifo kilimjia akiwa anatamani kuishi na kufanya kazi. Kujinyenyekeza mbele ya Mungu ni kupokea lile ambalo huwezi kulizuia baada ya kufanya unaloweza. Kujitafutia mauti, au kumnyima mtoto chakula na dawa, kisha kumbandika Mungu jina, hilo ni jambo jingine kabisa.

Pili, angalia mwalimu anafanya nini na kitabu. Krapf alitumia miaka yake bora kukiweka kitabu katika lugha ya wenyeji, kwa herufi ambazo mtu angeweza kujifunza, ili siku moja msomaji wa Rabai au Kisauni aweze kumwambia mmishonari mwenyewe kwamba hapa umekosea. Mwalimu wa uongo hufanya kinyume: anataka usome kupitia kwake tu, uzime simu, uache shule, ukate uhusiano na mama yako. Watu wa Beroya, katika Matendo ya Mitume, walisifiwa kwa kuchunguza kama aliyofundisha Paulo ni kweli. Ikiwa Paulo alichunguzwa na hakununa, nabii wa mtaa wako ni nani asiulizwe?

Tatu, fuata pesa na utukufu vinaelekea wapi. Krapf aliondoka Mombasa na makaburi mawili na maboksi ya karatasi.

Na kama wewe tayari umeingia mahali ambapo moyo unakwambia si sawa, mkumbuke yule kijana wa Württemberg aliyehubiri mwisho wa dunia. Kurudi nyuma hakukumwondoa katika mapenzi ya Mungu. Pengine ndiko kulikomwingiza. Tafuta mtu unayemwamini, awe mzazi, mwalimu au mchungaji anayekubali kuulizwa, umweleze.

Siku moja ukipata nafasi, ukishuka Kengeleni usivuke tu barabara. Shika njia ya kuelekea baharini hadi Nyali. Simama pale kaburini dakika chache ukitazama Mji wa Kale, ambako mtu mmoja mwenye homa alilia, kisha akarudi kuketi na kadhi wakaendelea na neno lililofuata.